Mwovu Asiye na Chuki

Machi 4, Jumatatu

Mvua imeanza leo, kabla ya siku waliyoahidi watu wa hali ya hewa, na paa la studio namba mbili limevuja palepale lilipovuja mwaka jana. Fundi mitambo aliweka ndoo, akafunika kipaza sauti kwa mfuko wa nailoni, akasema, "Wasikilizaji wakiuliza, waambie hiyo ni mvua ya sayari nyingine."

Katikati ya matone hayo msimamizi wa vipindi akaniita. Sote tunamwita Bosi. Ana miaka thelathini na miwili, mimi arubaini na saba. Huniita Dada mbele za watu na Mwandishi akiwa na shida. Leo aliniita Mwandishi.

Anataka hivi: mchezo wetu wa anga, ninaoutunga mimi na kurushwa kila Jumapili saa kumi alasiri, uongezewe robo saa ya mazungumzo. Kila wiki tumchukue mwovu mmoja wa mchezo, tujadili anafanana na itikadi gani ya siasa hapa duniani, kisha wasikilizaji wapige simu. "Watu wanawapenda waovu wako kuliko mashujaa," alisema. "Ila usitaje chama, wala kiongozi. Itikadi tu."

Nilikubali hata hajamaliza. Miaka minne nimekuwa nikisubiri mtu aniulize hao waovu nawatoa wapi.

Daftari hili ni la kazi hiyo. Nitaandika humu mpaka mvua ziishe.

Machi 7

Mvua. Nimeandika orodha ya waovu, nikafuta, nikaandika tena. Nimebaki na watatu; wa nne bado simwoni.

Machi 10, Jumapili

Tumeanza na Jemadari Kiza, yule anayewaambia watu wa merikebu zake kwamba adui yuko nyuma ya kila nyota, na kwa hiyo asiulizwe swali. Anayemwigiza ni Ngurumo. Huyu bwana ana sauti inayoweza kusogeza kabati, lakini nje ya studio ni mtu wa kuomba radhi hata kwa kiti alichojikwaa. Nilieleza kwamba Jemadari ni udikteta wa kijeshi: kwanza hofu hutengenezwa, kisha huuzwa kinga. Ngurumo akasoma ile hotuba ya "Mimi ni ukuta wenu," nywele zikanisimama ingawa nimeiandika mwenyewe.

Simu zilikuwa kumi na saba. Mzee mmoja alisema Jemadari anafanana kabisa na mkwe wake. Bosi alicheka mpaka akashika kioo cha studio.

Machi 12, Jumanne

Kaka ametoka na mwavuli na faili lake la kijani. Kila Jumanne huenda kucheza drafti na wastaafu wenzake, na sijui drafti inahitaji faili la nini. Tangu mkewe alipofariki tunaishi wote katika nyumba ya wazazi, yeye chumba cha mbele, mimi cha nyuma, na tumejifunza kutoulizana.

Machi 17, Jumapili

Leo ilikuwa zamu ya Muuza Pumzi, anayemiliki hewa yote ya makoloni ya mwezini na kuwakatia wasiolipa. Ubepari ulioachiwa kamba mpaka ukamla mwenye kamba. Simu zilikuwa nyingi kuliko wiki ile. Mwanamke mmoja alisema, "Mwandishi, waovu wako wote wanakaa viti virefu. Mimi katika maisha yangu sijawahi kumwona aliyekaa kwenye kiti. Nimemwona aliyebisha hodi."

Nilimshukuru, nikapokea simu inayofuata.

Machi 20, Jumatano

Niandike haya kabla sijayasahau.

Leo mvua haikutuachia nafasi ya kutoka, tukanywa chai pamoja mezani, jambo ambalo hutokea mara moja kwa mwezi. Kaka alikuwa amekisikiliza kipindi. Alikunja leso yake mara nne kama kawaida yake, akaiweka kando ya kikombe.

"Kitinda," akasema, maana mpaka leo huniita hivyo kwa kuwa ndimi kitinda mimba, "hao waovu wako wanalala usingizi mzuri mno."

"Mwovu hulala, Kaka. Ndiyo maana ni mwovu."

"Hapo ndipo unapokosea. Waovu wako hawana mashaka. Sisi tulikuwa na mashaka tele, tukatia sahihi hivyo hivyo."

Nilijifanya sikuisikia hiyo "sisi." Nikamwongezea chai.

Kwa yeyote atakayelisoma daftari hili: Kaka alikuwa afisa mipango miji. Miaka ishirini na sita iliyopita ulipitishwa mpango wa barabara kuu na soko jipya, na mtaa wa bondeni, nyumba mia tatu na ushee, ukawa unakaa juu ya mstari wake. Yeye ndiye aliyeuchora ule mstari. Alikuwa kijana aliyerudi masomoni na imani moja, kwamba mji ni hesabu, na anayeijua hesabu ndiye apewe kalamu. Watu walipokuja kulia ofisini aliwaambia kwa upole, "Watu watazoea. Ramani haiwezi kuzoea." Neno hilo lilizunguka mji mzima. Tingatinga zikaja. Watu wakahamishiwa viwanja vya mlima wa pili, kwa orodha. Nyumba yetu haikuguswa. Sisi tulikuwa tayari tuko juu.

Sijawahi kumsamehe. Sijawahi pia kumwambia hivyo.

Baada ya chai nimeketi kitandani, nimeandika kurasa tisa bila kunyanyua kichwa. Mwovu wa nne amekuja mwenyewe.

Machi 24, Jumapili

Malkia wa Damu Safi. Ubaguzi wa mbari na ndugu zake. Kipindi kilikwenda vizuri, lakini akili yangu haikuwepo.

Machi 27

Ngurumo amesoma mswada wa Jumapili. Akavua miwani.

"Huyu Mpimaji," akasema, "ni mtu."

"Wote ni watu."

"Hapana, dada yangu. Wale wengine ni mavazi; nayavaa, nayavua. Huyu ana leso anayoikunja mara nne. Ana penseli nyekundu nyuma ya sikio. Huyu ana mama."

Nikamwambia aache ushirikina, asome. Akasoma. Aliposema "Watu watazoea. Ramani haiwezi kuzoea," fundi mitambo alinyanyua kichwa akanitazama. Ana umri wa kukumbuka. Nikageukia dirishani, nikatazama mvua.

Machi 31, Jumapili

Niseme kweli: leo nilijisikia mtunzi mkubwa.

Nilieleza hivi, na sikusoma popote, yalikuwa yanatoka: "Jemadari ana hofu, Malkia ana chuki, Muuza Pumzi ana uroho. Mpimaji hana hata kimoja. Hana ugomvi na mtu. Anapenda mistari iliyonyooka. Itikadi yake ni imani kwamba mjuzi wa hesabu anajua pia wengine waishije, na kwamba machozi ni kosa la hesabu litakalojirekebisha. Huyu ndiye mwovu wa kuogopwa kuliko wote, kwa sababu ukimtazama usoni unamwona mtu mwema."

Simu ya tatu ilikuwa ya mwanamume. "Huyo Mpimaji mimi namjua!" akapiga kelele. "Anakaa hapo mlimani, anavaa kofia ya kijivu! Alimhamisha mama yangu na kitanda chake!"

Mbele yangu kuna kitufe chekundu cha kukata simu. Nimefundishwa kukitumia mtu akitajwa. Kilikuwa shubiri moja kutoka kwenye kidole changu. Bosi, nyuma ya kioo, alikuwa ameinua dole gumba. Mtu yule alieleza mpaka rangi ya mlango wetu.

Nilipofika nyumbani Kaka alikuwa anaosha vikombe. Redio ilikuwa imezimwa.

"Sauti ya Ngurumo ni nzuri," alisema. "Ningekuwa na sauti ile zamani, labda wangenipinga zaidi."

Akapangusa vikombe, akavipanga, mikono ikielekea upande mmoja.

Aprili 1

Kinyozi wa kona amemuuliza Kaka, mbele ya wateja, kama anataka nywele zikatwe kwa rula. Nimelisikia kwa jirani. Jirani alikuwa anacheka, kisha akakumbuka mimi ni nani, akauliza habari za mvua.

Aprili 2, Jumanne

Kaka ametoka na faili, akarudi haijapita saa moja. Viatu vimejaa maji. Kaka wa mistari iliyonyooka sasa ametembea kwenye madimbwi kama mtu asiyeona. Nilimuuliza kama wenzake wa drafti hawakuja. Akasema, "Hawakuja," akaingia chumbani.

Aprili 4

Mvua.

Aprili 5

Mvua. Mtu ameandika kwa chaki ukutani kwetu: MPIMAJI PIMA NA KABURI LAKO. Nilitoka na ndoo nikafuta kabla Kaka hajaamka. Nikakuta chini yake pamefutwa jingine tayari, kwa kitambaa, kwa uangalifu, mkono wa mtu anayefuta ubao kutoka kushoto kwenda kulia. Alikuwa ameamka kabla yangu.

Aprili 7, Jumapili

Bosi aliomba tumrudie Mpimaji wiki ya pili. "Simu zinamiminika, Mwandishi, tusiue ng'ombe anayekamuliwa." Sikubisha sana.

Simu ya nne ilikuwa ya mwanamke. Sauti niliijua: ni yule wa aliyebisha hodi. Alisema yeye ni fundi cherehani, na kwamba bonde lilipobomolewa alikuwa na miaka tisa.

"Mimi tingatinga sikuliona," alisema. "Tulikuwa tumeshatoka. Ninachokumbuka ni karatasi. Orodha ya wanaopewa viwanja ilibandikwa ofisini, baba akaenda kutazama jina lake. Akalikuta lina herufi moja si yake. L mahali pa R. Akamwambia karani, hilo si jina langu. Karani akasema, basi na kiwanja si chako. Baba akacheka, akadhani ni mzaha. Amekwenda ofisi ile miaka kumi na minane. Amekufa anaitwa L."

Tone likaanguka ndani ya ndoo yake.

"Sasa nakuuliza, Mwandishi," akasema. "Huyo Mpimaji wako ni utawala wa wataalamu, sawa, nimekuelewa. Na herufi ile ni itikadi gani?"

Nikasema kitu. Sikumbuki nilisema nini. Ngurumo alinisogezea glasi ya maji.

Aprili 8, Jumatatu

Asubuhi Kaka alikwenda zahanati kwa ajili ya kikohozi. Niliingia chumbani kwake, nikafungua faili la kijani. Sijitetei.

Ndani mlikuwa na nakala ya orodha ya viwanja, kurasa kumi na mbili. Sikuhitaji kuisoma. Niliitambua kwa herufi yake: kila "a" imeruka kidogo juu ya mstari, kama mtu anayechungulia juu ya ukuta. Mashine moja tu ilikuwa inafanya hivyo, na ilikuwa mezani kwangu.

Hili nalo niliandike. Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na moja, nasubiri kwenda chuoni, na Kaka alinitafutia kibarua cha miezi mitatu ofisini kwake: kupiga taipu. Orodha ile niliipiga mimi. Niliipiga kwa siku mbili badala ya tano, kwa sababu nilitaka kuwahi safari. Hakuna aliyeikagua. Tangu hapo nimemsimulia kila mtu habari ya kaka yangu na bonde. Nimewasimulia wapenzi, marafiki, na mwishowe nchi nzima kwa redio. Si kwamba nilificha kwamba karatasi zilitoka mikononi mwangu. Ni vibaya zaidi: sikuwa nikilikumbuka kama jambo lolote.

Chini ya orodha mlikuwa na hati za kiapo kumi, zimegongwa mihuri. Majina kumi yaliyokosewa, na kila hati ina maneno yaleyale kwa mwandiko wa Kaka: *Kosa hili la uchapaji ni langu mimi, afisa mhusika.* Ya kwanza ni ya miaka sita iliyopita, mwaka aliostaafu. Zote ni za siku ya Jumanne. Ya kumi na moja haikuwa na muhuri wala sahihi. Jina lilikuwa la baba wa yule fundi cherehani: L mahali pa R.

Kaka alirudi akanikuta nimekaa sakafuni. Hakukasirika. Alivua kofia, akakaa kitandani.

"Drafti," nikamwambia.

"Mchezo wenyewe mgumu," akajibu.

"Haya makosa ni yangu, Kaka."

"Ni ya ofisi."

"Mikono ilikuwa yangu!"

"Na mimi ndimi niliyepaswa kukagua. Sikukagua. Nilikuwa na haraka ya tingatinga kama wewe ulivyokuwa na haraka ya basi." Akakohoa. "Ulikuwa mtoto. Nilikuweka pale mwenyewe. Ningekwendaje kukutaja?"

Nikamuuliza kuhusu ile ya kumi na moja. Akaeleza polepole, kama anayesoma kumbukumbu za mkutano. Yule binti alikataa kumwona miaka mitatu. Mwezi wa pili mwaka huu akakubali. Walikuwa waende masjala ya ardhi pamoja Jumanne iliyopita. Yeye aape kama afisa, binti atie sahihi kama mrithi. Nao ulikuwa wakati wa mwisho, kwa sababu daftari la viwanja vile linafungwa Aprili thelathini, na kila sahihisho lazima libandikwe ubaoni siku ishirini na moja kabla ya kufungwa.

"Nilifika mlangoni kwake," alisema. "Akaniambia, nimekusikia redioni. Kumbe una msemo wako. Akafunga mlango."

Nikahesabu kwa vidole. Thelathini, toa ishirini na moja.

"Kesho," nikasema.

"Kesho," akasema Kaka. "Kabla ya saa tisa mchana."

Kisha akasema jambo ambalo nimekwenda nalo kitandani na linaninyima usingizi. Alisema, "Yale uliyosema juu yangu ni kweli, Kitinda. Niliamini hivyo. Nilidhani kuamini kitu kikubwa kunaniosha mikono. Nisingekukatalia hata neno moja. Ila ungengoja mwezi mmoja tu."

Aprili 9, Jumanne

Fundi cherehani anapanga chumba kimoja kinachofungukia barabarani. Cherehani yake iko mlangoni ili apate mwanga. Nilifika saa nne asubuhi. Mwavuli ulikuwa umepinduka njiani, nimelowa mpaka ndani. Kaka nilimwacha kituo cha basi chenye kibanda, na faili ndani ya mifuko miwili ya nailoni, angoje. Tulikubaliana akimwona fundi ametoka na mimi, aje.

Alikuwa anapindisha pindo la sare ya shule. Hakusimamisha mguu.

"Hodi, fundi."

"Karibu. Kama ni ya haraka, wiki ijayo."

Nikajitambulisha: mimi ndiye mtunzi wa kipindi. Mguu ukasimama. Akanitazama vizuri, akatabasamu hata, akasema sauti yangu redioni ni ya mtu mnene. Tukacheka. Nadhani kama ningesema wakati ule wa kicheko, ningeweza.

Nikamweleza habari ya masjala, tarehe thelathini, siku ishirini na moja, saa tisa. Nikamwambia afisa yuko tayari, yuko hapo kituoni, ni kutia sahihi tu.

"Afisa yupi?"

"Kaka yangu."

Uso wake ukajifunga kama duka. "Yule ni kaka yako?"

"Ndiyo."

"Na ulimsema vile?"

Nikakamua maji kwenye pindo la nguo yangu.

"Sikiliza, dada," akasema. "Mtu huyu nilianza kumwamini. Alikuja hapa miaka, anasimama hapo nje, haingii. Nikasema labda mtu hubadilika. Kisha wewe, ndugu yake wa damu, unayemjua kuliko mimi, ukaniambia redioni nisimwamini kwa sababu ana uso wa mtu mwema. Nikushike wewe wa Jumapili au wewe wa leo? Na hiyo karatasi yake inasema nini? Kwamba alikosea herufi? Mtu aliyechora mstari ule kwa rula hakosei herufi. Alifanya makusudi, sasa anatafuta usingizi. Mimi sitii sahihi usingizi wake."

Hapo ndipo palipokuwa mahali pa kusema. Maneno yalikuwa manne tu: *niliyeikosea herufi ni mimi.* Nilimtazama yeye, nikatazama sindano, nikatazama ile sare. Nikasema, "Kaka yangu hakufanya makusudi."

"Umejuaje?"

"Namjua."

"Jumapili pia ulikuwa unamjua," akasema, na mguu ukaanza kukanyaga.

Nilikaa mlangoni pake labda robo saa. Mimi mtu wa maneno. Nimewaandikia watu wa sayari kumi hotuba za kuungama. Nikaaga, nikaenda.

Kaka aliponiona kituoni peke yangu alikaza fundo la mfuko wa faili. Tulikaa katika kile kibanda mpaka saa tisa ikapita, tunatazama mvua.

Aprili 11

Kaka ana homa. Daktari wa zahanati anasema ni kifua, atapona akikaa ndani.

Aprili 14, Jumapili

Mswada wa leo ulikuwa juu ya mashujaa. Bosi aliona waovu wametosha. Ngurumo alipofika ukurasa wa pili nilimgusa mkono anyamaze, nikasogeza kipaza sauti.

Nilisema kwamba Mpimaji ni kaka yangu. Nilisema alichora mstari, na kwamba hakukataa. Nilisema orodha ya viwanja ilikuwa na makosa kumi na moja, na kwamba kwa miaka sita amekuwa akizunguka ofisini kuyasahihisha, akiandika kila mahali kwamba kosa ni lake. Nilisema kosa halikuwa lake. "Niliyepiga taipu ni mimi. Nilikuwa na haraka. Wiki zote hizi nimewapangia waovu na itikadi zao, huyu hofu, huyu uroho, huyu rula. Mchapaji sikumweka popote. Hakuna Jemadari wala Malkia anayejua kupiga taipu. Bila sisi wangebaki na hotuba tu."

Bosi hakukata. Baadaye aliniambia kidole kilikuwa kwenye kitufe muda wote. Aliniita Dada. Kisha akasema kipindi kitapumzika, na ninaelewa.

Nyumbani Kaka alikuwa amekaa kitandani, blanketi mabegani, redio ikiwa wazi.

"Kwa nini hukuniuliza kwanza?" akasema. Ni mara ya kwanza msimu huu nimesikia hasira kwake. "Nilikuwa nimeshaubeba. Mzigo mmoja, watu wawili wa nini?"

Aprili 16, Jumanne

Fundi cherehani amekuja kwetu mwenyewe, saa mbili asubuhi, na cheti cha kifo cha baba yake ndani ya mfuko wa kitambaa. Hakunisalimu. Alimwambia Kaka, "Twende." Kaka alivaa koti juu ya homa, tukaenda watatu.

Karani wa masjala ni kijana mpole. Alisoma hati, akasoma orodha, akasifu jinsi kila kitu kilivyo sawa. Akafungua kalenda yake. Siku ishirini na moja kutoka leo, alisema, ni mwezi wa tano. Alitusikitikia kwa dhati. Nilisema mimi ndiye mchapaji, niko tayari kuapa. Akasema kiapo kingefaa sana, kama kingeletwa wiki iliyopita.

Kaka alimuuliza kama hakuna kifungu cha dharura. Karani akasema, "Mzee, kanuni hizi mliziandika nyinyi."

Aprili 17

Mvua.

Aprili 23, Jumanne

Kaka hakutoka.

Aprili 30, Jumanne

Daftari la viwanja limefungwa. Nilikwenda kuona, kana kwamba kuna cha kuona. Mlango ulikuwa wazi, watu wanaingia na kutoka kwa shughuli nyingine.

Mei 6, Jumatatu

Jua siku ya tatu mfululizo; nadhani mvua zimekwisha. Binti yake Kaka amekuja kumchukua akakae kwake, katika mji alikohamia na familia yake, mpaka kifua kitulie. Alipakia nguo chache. Faili aliliacha juu ya meza yangu. Tulipoagana alinishika kichwa kama alivyokuwa akinishika nilipokuwa mdogo, akasema nisisahau kufunga dirisha la chumba chake upepo ukigeuka. Sijui kama nimesamehewa, wala kama mimi nimemsamehe. Nilitaka kumuuliza, basi likaja.

Mchana nilikwenda kwa fundi cherehani. Mlango ulikuwa wazi, nguo zimeanikwa kamba nzima kama watu wote wa mtaa wamefua leo. Nilimwambia nimekuja kumwomba radhi kwa ile herufi.

Alikata uzi kwa meno.

"Herufi nimekusamehe," akasema. "Herufi mtu hukosea. Mimi mwenyewe wiki iliyopita nimeshona mkono wa kulia kushoto. Hata yale ya redioni, basi, ni maneno. Lakini Jumanne ile ulikuja hapa. Ulisimama hapo hapo ulipo, maji yanakutiririka, saa zipo. Nilikuuliza umejuaje. Nilikuuliza kwa mdomo wangu. Ungesema, ningevaa viatu."

"Najua," nikamwambia.

"Ulingoja ukapate kipaza sauti."

Alichukua utepe wa kupimia, akauweka shingoni, akaniuliza kama nimeleta nguo ya kushona au nimekuja kuzungumza tu.

Nikasema nimekuja kuzungumza tu.

"Basi," akasema, "tumeshazungumza."